Je, Yafaa Kijana wa Kiislamu Asome Dini za Watu na Falsafa?

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili, naye atamwuliza ameitumiaje. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu Waislamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tumekaa katika darasa letu kama ada yetu, alitujia mzee mmoja wa mtaani, mtu mwenye heshima zake, naye ana barua mkononi. Binti yake amefaulu mtihani, na ameitwa chuo kikuu. Furaha hiyo ilikuwa imechanganyika na wasiwasi, kwani somo alilochaguliwa ni dini na falsafa. "Na si dini yetu peke yake, masheikh," akasema, "ni dini zote: ya Wahindu, ya Mabudha, ya Mayahudi, ya Wakristo, na mila za wazee wa bara. Na juu ya hayo, maneno ya Wayunani. Basi nimpeleke au nimzuie?"

Akatuambia kwamba wenzake wa barazani wamekwisha kumtolea hukumu. Mmoja amemwambia kwamba binti atarudi hana dini, na mwingine kwamba atarudi hana kazi. Hilo la pili hatutalisemea sana, kwa kuwa riziki iko kwa Mungu, na vijana waliosoma uhasibu wakakaa bure nao twawajua. Hilo la kwanza ndilo lililotukalisha mpaka usiku mkubwa, na ndilo tunalotaka kulieleza hapa, kwani mzee huyu si wa peke yake.

Lakini kabla ya kusema lo lote juu ya chuo kikuu, yatupasa tuseme jambo moja juu ya nafsi zetu. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa mji huu, aliyekuwa mwanafunzi wa darasa letu tangu udogo wake, alirudi likizo kutoka masomoni. Akakaa nasi kama kawaida. Tulipomaliza kusoma aliomba rukhsa akauliza: ikiwa kila taifa ladai kwamba dini yake ndiyo ya haki, na kila mtu ameirithi dini yake kwa baba yake, mimi nitajuaje kwamba ninaifuata haki, wala siwafuati baba zangu tu? Aliyekuwa akisomesha siku hiyo alimkemea kwa sauti kubwa, akamwamrisha alete istighfari. Baadhi yetu tulicheka. Kijana aliinuka, akachukua makubadhi yake mlangoni, akenda zake. Hakurudi tena.

Twayasema haya kwa haya nyingi, kwani baadaye mmoja wetu, alipokuwa akikisoma kitabu cha Al-Munqidh cha Imam Al-Ghazali, alilikuta suali lile lile. Imam huyo, ambaye Waislamu wamempa jina la Hoja ya Uislamu, asimulia kwamba tangu ujana wake aliona watoto wa Wakristo wakikua katika Ukristo, wa Mayahudi katika Uyahudi, na wa Waislamu katika Uislamu. Akaikumbuka hadithi ya Mtume S.A.W. inayoeleza kwamba kila mtoto huzaliwa katika umbile lake la asili, kisha wazazi wake ndio wanaomgeuza. Basi moyo wake ukamsukuma atafute ni lipi lililo katika umbile hilo, na ni lipi alilotiwa na wazazi na walimu. Kwa suali hilo Al-Ghazali alianza safari ya elimu iliyomfikisha alikofika, na sisi kwa suali hilo hilo tulimfukuza mtoto wetu! Na Qur'ani Tukufu yenyewe imewalaumu mara nyingi watu ambao hoja yao yote ni kwamba wamewakuta baba zao katika njia fulani. Kijana yule alikuwa akiogopa asije akawa miongoni mwao. Sisi hatukuogopa.

Sasa na tutazame Imam Al-Ghazali alifanya nini. Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 1058. Mwaka 1091 alipewa kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, na wanafunzi wake walikuwa kiasi cha 300. Aliona kwamba maulamaa wa zama zake wakiwarudi wanafalsafa kwa maneno ya ovyo ovyo, maneno ambayo hata mtu wa kawaida hawezi kukinaika nayo. Akasema kwamba kuurudi ubaya wa elimu usiyoijua mpaka mwisho wake ni kurusha mawe gizani. Basi akazisoma falsafa mwenyewe, bila ya mwalimu, katika saa alizoziiba baina ya kusomesha na kuandika, muda usiotimia miaka miwili. Kisha akakaa karibu ya mwaka mwingine akiyapima aliyoyasoma. Baada ya hayo ndipo alipotoa kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa, bila ya kuwarudi, kisha ndipo akatoa kitabu chake maarufu cha Tahafut. Na maelezo yake yalikuwa ya insafu hata kile kitabu cha kwanza kilipofasiriwa kwa Kilatini, wasomi wengi wa Ulaya walidhani kwamba Al-Ghazali naye ni mwanafalsafa wa kundi la Ibn Sina. Ni wangapi katika sisi tunaoweza kuieleza itikadi ya mtu mwingine, na mwenyewe akaisikia akasema: naam, hivyo ndivyo tunavyoamini?

Na katika Tahafut hakuwatupa wanafalsafa wote jumla. Alizihesabu mas'ala 20. Katika 3 aliwahukumia ukafiri: kusema kwamba ulimwengu ni wa milele, kusema kwamba Mungu hajui mambo ya mmoja mmoja, na kukanusha kufufuliwa kwa viwiliwili. Hizo 17 nyingine alizihesabu kuwa ni uzushi. Ama hesabu, na mantiki, na elimu ya nyota, alisema kwamba hazina ugomvi na dini. Na hapa ana neno ambalo lingefaa tulisome taratibu. Asema kwamba dini hupata madhara kwa rafiki yake mjinga, yule anayedhani kwamba kuinusuru dini ni kukanusha kila wanalolisema watu hao, hata hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Akiyasikia hayo mtu aliyekwisha kuthibitisha hesabu ile, hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Nasi watu wa pwani, ambao kila mwaka mwezi wa Ramadhani hutukuta katika magomvi ya mwandamo, tunamjua vizuri rafiki huyo.

Watu watasema: lakini wako maulamaa waliokataza. Ni kweli, wala hatutaki kulificha. Ibn as-Salah, mwanachuoni mkubwa wa hadithi aliyefariki Damascus katika karne ya 13, alitoa fatwa kali ya kuharimisha falsafa na mantiki pamoja. Lakini miaka mingi kabla yake Ibn Rushd, ambaye alikuwa kadhi wa Seville na wa Cordoba, aliandika kitabu kidogo mahsusi, akiliuliza suali hili kwa njia ya sharia: je, kuitazama falsafa ni halali, au ni haramu, au ni jambo lililoamrishwa? Akahukumu kwamba kwa aliye na uwezo nalo ni jambo lililoamrishwa, kwa kuwa Qur'ani imetutaka tuzingatie viumbe. Na huyu ndiye yule yule mwenye Bidayatul Mujtahid, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi wakisoma mpaka leo. Ama Ibn Taymiyya, ambaye wengi wetu katika darasa hili twampenda, ndiye aliyewarudi watu wa mantiki kwa kitabu kizima, na akawarudi Wakristo kwa kitabu kingine kikubwa zaidi. Anayeisoma mijalada hiyo ataona kwamba mwenyewe alivisoma vitabu vyao akavijua. Hawezi mtu kumfanya Ibn Taymiyya kuwa hoja ya kutosoma.

Na kuzisoma dini za watu si jambo lililoletwa kwetu na Wazungu. Mwaka 1030 hivi, Al-Biruni alimaliza kitabu chake juu ya India. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na Wabrahmani, akakifasiri kwa Kiarabu kitabu chao cha Yoga cha Patanjali. Akawaambia wasomaji wake waziwazi kwamba hakukusudia mabishano. Atayataja maneno ya Wahindu kama wanavyoyasema wenyewe. Wala hakuficha kwamba vita vya Sultani Mahmud wa Ghazna, sultani wake mwenyewe, viliwatia Wahindu chuki na Waislamu. Kiasi cha miaka 100 baadaye Shahrastani akaandika kitabu cha mila na madhehebu, akajishurutisha aieleze kila kaumu kwa vitabu vyake bila ya kuipendelea wala kuipotosha. Ibn Hazm wa Andalusi yeye ulimi wake ulikuwa mkali, lakini Taurati aliisoma mstari kwa mstari kabla ya kunena.

Haya basi, na huko chuo kikuu hufundishwa nini? Wazazi wengi hudhani kwamba mwalimu husimama akawaambia wanafunzi hakuna Mungu. Wako wanaofanya hivyo, lakini si hiyo njia ya somo lenyewe. Mwaka 1967, Ninian Smart alipoanzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, alitaka dini zisomwe pasina kumlinganisha mtu wala kumtoa katika dini yake. Mwanafunzi aitazame dini katika ibada zake, visa vyake, itikadi zake, sharia zake, jamaa zake, na yale wanayoyaona watu katika nyoyo zao. Na hukumu ya haki au batili aiweke kando kwanza. Njia hii imeenea katika vyuo vingi. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipomtaka profesa wa falsafa na masomo ya dini mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyekuja ni askofu wa Kianglikana, Stephen Neill, aliyekuwa amekaa India miaka mingi. Baadaye Odera Oruka, aliyesomesha huko mpaka alipofariki mwaka 1995, akaanza kuwaendea wazee vijijini, akiandika fikira zao, ili kuonyesha kwamba hekima si lazima iwe imechapishwa London.

Kuiweka hukumu kando ndilo alilolifanya Al-Biruni, na hatuoni ubaya wake. Kadhi naye hasemi neno mpaka awasikilize wote wawili. Lakini kadhi anayesikiliza maisha yake yote asihukumu hata siku moja, huyo ameacha kazi yake. Khatari tunayoiona sisi iko hapa. Kijana hukaa miaka minne, mwalimu hamwulizi lipi lililo la kweli, kwa kuwa somo lake halitaki hivyo. Mwishowe kijana akadhani kwamba suali hilo halina jawabu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Amezoea tu kutoliuliza. Imani humtoka kama maji katika mtungi wenye ufa, na hajui ilitoka siku gani.

Na khatari ya pili ni yetu sisi wenyewe zaidi kuliko ya chuo kikuu. Kijana wetu hupelekwa chuoni kwa mwalimu akiwa na miaka mitano au sita. Huhifadhi juzuu yake, hujua nguzo za sala na vinavyobatilisha udhu, na akifika miaka kumi na mbili au zaidi kidogo, skuli humchukua. Kuanzia hapo hesabu yake hukua, Kiingereza chake hukua, na dini yake hubaki pale pale alipoiacha. Kisha akiwa na miaka ishirini hukaa mbele ya wanafalsafa waliotumia umri wao wote kupanga hoja. Falsafa anayoletewa ni ya watu wazima, na dini aliyo nayo ni ya mtoto. Akishindwa twasema chuo kikuu kimempoteza!

Na tupige mfano. Huko atamsoma David Hume, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1739 alieleza kwamba hatukuona hata mara moja kifungo kinachoyafunga mambo mawili, sababu na tokeo lake. Twaona tu kwamba hili lafuata lile, na nafsi zetu zimezoea. Mwanafunzi asiyejua kitu hubabaika. Lakini aliyeisoma Tahafut, mas'ala ya 17, atakumbuka kwamba Al-Ghazali aliyasema hayo zaidi ya miaka 600 kabla ya Hume, kwa mfano wa pamba na moto: twaona pamba yaungua inapokutana na moto, wala hatukuona kwamba moto ndio unaounguza. Imam akamalizia kwamba mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na hiyo ni ada yake aliyoipitisha. Hume akamalizia kwamba ni mazoea ya nafsi. Mwanafunzi huyo hatatetemeka. Atainua mkono wake, naye atakuwa na la kusema ambalo pengine mwalimu hakulijua.

Atamsoma pia John Mbiti, Mkamba na padri wa Kianglikana, aliyesomesha Makerere na akatoa mwaka 1969 kitabu mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Ndani yake alidai kwamba Mwafrika wa asili ana wakati uliopita mrefu sana, na uliopo, lakini wakati ujao wa mbali karibu hanao. Uchunguzi wake wa lugha aliufanya katika Kikamba na Kikikuyu, lakini majina ya nyakati hizo aliyaazima kwetu: Sasa, na Zamani. Watu ulimwenguni kote wameyasoma maneno hayo mawili ya Kiswahili kuwa ni falsafa ya Afrika. Basi ni nani atakayesimama amwulize: na kesho, na kesho kutwa, na mtondo, na mtondogoo, umeyaacha wapi? Na Akhera, ambayo bibi zetu huitaja kila wanapotia maji jungu? Huenda Mbiti angekuwa na jawabu, kwani alikuwa mtu wa elimu. Lakini suali hilo lamtaka mtu aliyelelewa katika lugha hii na dini hii, na mtu huyo lazima awe amekaa katika chumba kile.

Wenzetu hawakungoja hivyo. Canon Godfrey Dale, wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa Unguja, alikaa akaisoma dini yetu, akaifasiri Qur'ani kwa Kiswahili na kuitia maelezo yake mwenyewe, ikachapishwa mwaka 1923. Hatusemi alikusudia kutunusuru. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Makadiani. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ikatoka mwaka 1969. Kutoka ya kwanza mpaka hiyo ni miaka 46. Muda wote huo Mswahili asiyejua Kiarabu, akitaka kukisoma Kitabu chake kizima kwa lugha yake, alisomeshwa na watu ambao maulamaa wetu hawakuwaridhia. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza watu wa pwani watoke katika usingizi huo. Wengi walimsifu.

Na kama mtu ataka mfano wa karibu zaidi, na amtazame Sheikh Muhammad Abdullah Draz. Huyu ni mtu wa Azhar. Mwaka 1936 alipelekwa Ufaransa, akasoma falsafa na mambo ya dini za watu, vita vikamkuta huko, na mwaka 1947 akapata shahada ya udaktari katika Sorbonne kwa kuandika juu ya maadili ya Qur'ani. Aliporudi Misri alisomesha tarehe ya dini katika Chuo Kikuu cha Cairo, na kitabu chake juu ya maana ya dini kikatoka mwaka 1952. Alikwenda na kilemba chake akarudi nacho. Lakini twamwomba msomaji akumbuke kwamba alipopanda meli alikuwa amekwisha kuwa mwanachuoni, mwenye umri wa zaidi ya miaka 40. Binti wa rafiki yetu ana miaka 19.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipokuwa mzito usiku ule. Mmoja wetu alishika msimamo kwamba angoje, asome kwanza dini yake miaka mitatu, ndipo aende. Mwingine akamjibu: miaka mitatu hiyo atasoma kwa nani? Kwetu sisi tunaofukuza wenye masuali? Tukanyamaza wote.

Mwishowe tulimwambia mzee yule ampeleke. Tena tulimwambia kwamba asimtume kama mtu anayetupwa baharini ili aonekane kama ajua kuogelea. Awe na mtu wa kumwandikia, mwenye elimu na mwenye subira, asiyeshtuka kwa suali. Asiache kuusoma Uislamu kwa kiasi kile kile anachosoma vinginevyo. Akisoma kurasa kumi za Mabudha, asome na kurasa kumi za maulamaa wake. Na akirudi likizo asiulizwe kwanza kama bado anasali, kwa sauti ile ya askari wa forodha tunayoijua sote. Aulizwe amesoma nini.

Mzee aliridhika. Binti mwenyewe, tulipomwita pamoja na baba yake, alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema ana sharti lake naye: kwamba likizo aje darasani, na aulize mwenyewe kwa ulimi wake, si kwa kumpa baba yake karatasi. Wako waliokunja nyuso. Lakini wanawake wa Madina walikuwa wakimwuliza Mtume S.A.W. wenyewe, na Bibi Aisha aliwasifu kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini. Tumekubali. Mwalimu mmoja wa kike ameanza kumsomea Al-Munqidh, nacho si kitabu kirefu. Wanataraji kukimaliza kabla hajasafiri.

Kijana yule wa kwanza tumempelekea barua kwa anwani aliyotupa mama yake. Tumemwomba radhi, na tumemwambia kwamba suali lake litasomwa katika darasa la Alkhamisi ya kwanza ya mwezi ujao baada ya Isha, na kwamba aliyemkemea ndiye atakayelifungua. Mpaka tunapoandika haya hajajibu.